Hita za Feni Katika Maeneo Yenye Mivuke na Vumbi Linalolipuka: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Kuanzia Juni hadi Agosti, hali ya hewa katika maeneo mengi ya Njombe, Makete na Mufindi hushuka chini ya nyuzi joto 10 za Sentigredi nyakati za usiku na alfajiri. Kwa viwanda vya mbao na karakana za samani zinazozunguka mashamba ya miti ya Sao Hill, baridi hiyo haimalizwi na koti la mfanyakazi. Vanishi huchelewa kukauka, gundi huchelewa kushika na rangi huwa nzito kupulizwa. Ndipo wamiliki wanapotafuta hita ya feni, na mara nyingi swali la kwanza dukani huwa ni kilowati ngapi na bei gani.

Maswali hayo ni ya haki, lakini kwa chumba cha kupulizia vanishi au cha kupigia msasa huja mwishoni. Thina na viyeyushi vingine hutoa mvuke unaowaka, na msasa hutoa vumbi jepesi la mbao ambalo likitimka hewani kwa wingi wa kutosha huweza kulipuka. Hita ya kawaida ya dukani ina waya unaowaka hadi kuwa mwekundu, swichi inayotoa cheche kila inapowashwa na kuzimwa, na mota isiyo na ulinzi wowote. Kuiweka katika chumba cha aina hiyo ni kukamilisha sharti pekee lililokuwa limebaki ili mlipuko utokee. Jiko la mkaa, ambalo baadhi ya karakana huliingiza ndani asubuhi za baridi, ni hatari zaidi, kwa kuwa moto wake uko wazi tangu mwanzo.

Hita zenye kinga ya mlipuko hutengenezwa kwa ajili ya mazingira haya. Hata hivyo, hakuna hita ya aina hiyo inayofaa kila mahali. Inayofaa stoo ya asetoni huenda isifae chumba cha tapentaini, na iliyothibitishwa kwa mvuke huenda haijathibitishwa kwa vumbi. Kwa sababu hiyo uchaguzi huanzia kwenye chumba chenyewe, na chombo hufuata.

Eneo hupimwa kwanza

Viwango vya IEC, yaani Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, vya mfululizo wa 60079 hugawa maeneo ya hatari kwa kuangalia ni mara ngapi na kwa muda gani mchanganyiko unaoweza kulipuka huwapo. Kwa gesi na mivuke, Ukanda 0 ni mahali ambapo mchanganyiko huo huwapo muda wote au kwa vipindi virefu, kwa mfano ndani ya tangi la kiyeyushi. Ukanda 1 ni mahali ambapo hutarajiwa kutokea mara kwa mara katika kazi za kawaida. Ukanda 2 ni mahali ambapo hautarajiwi katika kazi za kawaida na, ukitokea, hudumu kwa muda mfupi tu. Kwa vumbi, kanda hizo huitwa 20, 21 na 22.

Ramani ya kanda hizi haichorwi na muuzaji wa hita. Huandaliwa na mtaalamu anayejua kemikali zinazotumika, vyanzo vya uvujaji na mwendo wa hewa ndani ya jengo. Mivuke ya viyeyushi vingi ni mizito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni na kujaa kwenye mifereji na mashimo. Haidroji na methani, kinyume chake, hupanda na kukusanyika chini ya paa. Kiasi kinachotosha kuleta hatari ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Mvuke wa toluini, ambayo ni kiyeyushi kinachopatikana katika thina nyingi, huweza kuwaka ukifikia takribani asilimia 1.1 ya hewa ya chumba.

Ramani ikishapatikana, swali linalofuata ni kama hita inalazimika kukaa ndani ya eneo hilo. Mara nyingi jibu ni hapana. Hita inaweza kufungwa nje ya eneo la hatari na kupuliza hewa ya moto ndani kupitia bomba la hewa, mradi hewa hiyo ivutwe kutoka mahali safi na pawepo mfumo wa kuzima hita na kuzuia mvuke kurudi nyuma feni inaposimama. Njia nyingine ni kuchemsha maji katika chumba tofauti na kuyapitisha ndani ya mabomba yenye mapezi. Maji ya nyuzi 80 hayawezi kulifanya bomba liwe na joto linalozidi hapo, na kiwango hicho kiko chini ya joto la kujiwasha la karibu viyeyushi vyote vya kawaida. Kiwanda chenye boila na mabaki ya mbao ya kuchomwa kina sababu ya kuanza na njia hii kabla ya kuagiza chombo cha umeme chenye cheti kutoka ng'ambo. Ikiwa feni yenyewe itabaki ndani, mota yake bado itahitaji kinga.

Joto la uso wa hita

Kinachoitofautisha hita na taa au mota ni kwamba kazi yake ni kuwa ya moto. Watu wengi huhusisha mlipuko na cheche, lakini mvuke au vumbi huweza kuwaka bila cheche yoyote likigusa uso wenye joto la kutosha. Tarehe 7 Februari 2008, wafanyakazi 14 walipoteza maisha katika mlipuko wa vumbi la sukari kwenye kiwanda kilichopo Port Wentworth, jimbo la Georgia, Marekani. Uchunguzi wa bodi ya nchi hiyo inayoshughulikia ajali za kemikali ulionesha kuwa chanzo kinachoelekea zaidi ni beringi iliyopata joto kupita kiasi ndani ya mkanda wa kusafirishia sukari uliokuwa umefunikwa. Mlipuko wa kwanza uliyatimua marundo ya vumbi yaliyokuwa yamelala juu ya mashine na mihimili, na milipuko iliyofuata ikasambaa jengo zima. Miaka mitano kabla, tarehe 20 Februari 2003, wafanyakazi 7 walikufa katika kiwanda kimoja mjini Corbin, jimbo la Kentucky, pale vumbi la resini lilipowashwa na tanuri lililokuwa likiendeshwa milango ikiwa wazi kwa sababu ya hitilafu ya kudhibiti joto.

Ndiyo sababu kila chombo cha umeme chenye kinga ya mlipuko kwa gesi na mivuke hupewa daraja la joto. Daraja hilo hueleza joto la juu kabisa ambalo uso wake unaweza kufikia, hata katika hitilafu zilizofikiriwa na kiwango husika. T1 huruhusu hadi nyuzi 450, T2 hadi 300, T3 hadi 200, T4 hadi 135, T5 hadi 100 na T6 hadi 85. Tarakimu inapopanda, joto linaloruhusiwa hushuka, jambo ambalo huwachanganya wanunuzi wanaodhani T2 ni salama kuliko T4.

Mfano wa vanishi unalionesha jambo hili vizuri. Asetoni hujiwasha kwenye joto linalozidi nyuzi 500, hivyo hita ya T2 ingeitosha. Tapentaini hujiwasha karibu na nyuzi 253. Hita ileile ya T2, ambayo uso wake unaruhusiwa kufika nyuzi 300, ingeweza kuuwasha mvuke wa tapentaini bila cheche, bila hitilafu na bila kukiuka cheti chake. Hapo inahitajika T3 au zaidi. Thina inayouzwa madukani ni mchanganyiko, na viambato vyake hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Mnunuzi anapaswa kuomba karatasi ya taarifa za usalama wa kemikali kwa kila bidhaa anayotumia, kisha achague daraja kwa kufuata kiambato kinachojiwasha kwa joto dogo zaidi.

Kwa vumbi hesabu ni tofauti, kwa kuwa vumbi lina sura mbili: wingu linaloelea na tabaka lililotua. Joto la uso wa chombo lisizidi theluthi mbili za joto linalowasha wingu. Pia liwe chini ya joto linalowasha tabaka la milimita 5 kwa angalau nyuzi 75. Tuseme vipimo vya maabara vimeonesha kuwa wingu la vumbi fulani huwaka kwa nyuzi 390 na tabaka lake kwa nyuzi 300. Hesabu ya kwanza inatoa 260 na ya pili 225, na kinachofuatwa ni kile kidogo, yaani 225. Tabaka likizidi milimita 5 hesabu hiyo haitoshi tena, kwa sababu vumbi huzuia joto kutoka kama blanketi na chombo huzidi kupata moto chini yake. Kufagia juu ya hita, kwa hiyo, ni sehemu ya kinga yenyewe.

Kusoma kibati cha chombo

Taarifa zote muhimu huandikwa kwenye kibati cha chuma kilichogongwa kwenye chombo. Maandishi kama Ex db eb IIB T3 Gb husomwa hivi. Ex huonesha kuwa chombo kina kinga ya mlipuko. Herufi db humaanisha sehemu zinazotoa cheche zimo ndani ya kasha lisilopitisha moto, na eb kwamba sehemu nyingine, kwa kawaida sanduku la kuunganishia nyaya, zimejengwa kwa usalama ulioongezwa ili zisitoe cheche wala joto la kupindukia. IIB ni kundi la gesi. T3 ni daraja la joto lililokwisha kuelezwa. Gb ni kiwango cha ulinzi kinachoruhusu matumizi katika Ukanda 1 na 2. Gc huishia Ukanda 2 peke yake. Kwa vumbi hutafutwa herufi t na kiwango Db au Dc, pamoja na joto lililoandikwa waziwazi kwa nyuzi.

Makundi ya gesi hupangwa kwa wepesi wa kuwaka na wa kupenya kwenye nafasi finyu. IIA hujumuisha propani na viyeyushi vingi, IIB huchukua mfano wa ethilini, na IIC ni haidroji na asetilini, zilizo hatari zaidi. Chombo cha IIC kinafaa pia kwa IIB na IIA, lakini kinyume chake hairuhusiwi. Vumbi la mbao huangukia IIIB, kundi la vumbi lisilopitisha umeme.

Vyombo vinavyotoka Ulaya huwa na alama ya Ex ndani ya pembesita na maandishi kama II 2 G, kwa mujibu wa Agizo la Umoja wa Ulaya 2014/34 linalotumika tangu tarehe 20 Aprili 2016. Tarakimu 2 hapo humaanisha Ukanda 1, na 3 humaanisha Ukanda 2. Vinavyotoka Amerika Kaskazini huweza kufuata mfumo wa zamani wa Marekani wenye madaraja na migawanyo. Mtego mkubwa uko hapa: katika mfumo huo Kundi A ni asetilini, iliyo hatari kuliko zote, na Kundi D ni propani. Katika mfumo wa IEC, IIA ndiyo nyepesi zaidi. Fundi anayezilinganisha kwa kufuata herufi tu atakuwa amegeuza mpangilio mzima juu chini.

Namba ya cheti nayo isomwe hadi herufi ya mwisho. Ikiishia kwa X, chombo kina masharti maalumu ya matumizi yaliyoandikwa ndani ya cheti, kwa mfano umbali kutoka ukutani au aina ya kebo. Ikiishia kwa U, hicho ni kijenzi tu, na hakiruhusiwi kufungwa peke yake kama chombo kamili. Vyeti vya mfumo wa IECEx vinaweza kutazamwa bila malipo kwenye tovuti ya mfumo huo. Dakika chache za kulinganisha namba iliyo kwenye kibati na iliyo kwenye kumbukumbu hiyo zinatosha kugundua kibati cha kughushi kabla mzigo haujalipiwa.

Baridi ya nyanda za juu ina jambo lake la pekee. Isipoelezwa vinginevyo, cheti huchukulia hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri hadi 40 juu ya sifuri, na shinikizo la hewa kuanzia kilopaskali 80 hadi 110. Shinikizo la kilopaskali 80 hufikiwa kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za Njombe na Makete hukaribia au kuvuka mwinuko huo. Hewa nyepesi huipoza mota na vipashio kwa shida, hivyo nyuso hupata moto kuliko ilivyopimwa maabara. Mwagizaji aeleze mwinuko wa eneo lake kwa maandishi na adai jibu la mtengenezaji kwa maandishi. Vivyo hivyo kwa vyumba vya kukaushia: kama lengo ni kupasha chumba hadi nyuzi 45, chombo chenye ukomo wa 40 hakifai, hata kama nje kuna baridi.

Ukubwa, feni na vidhibiti

Hapo ndipo kilowati huingia. Chumba cha kuchanganyia vanishi chenye urefu wa mita 10, upana wa mita 8 na kimo cha mita 4 kina mita za ujazo 320. Ikiwa hewa yake hubadilishwa mara 6 kwa saa, mita za ujazo 1,920 hupita kila saa. Kuipasha hewa hiyo kwa nyuzi 12, kwa kipimo cha wati 0.33 kwa kila mita ya ujazo ya kila saa na kila nyuzi, huhitaji takribani kilowati 7.6, kabla ya kuongeza joto linalopotea kupitia kuta na paa. Kwenye mwinuko mkubwa kipimo hicho hupungua kiasi.

Hesabu hii huzaa kishawishi. Ukipunguza uingizaji hewa kwa nusu, mahitaji ya umeme kwa hewa hiyo nayo hupungua kwa nusu. Lakini uingizaji hewa ndio uliokifanya chumba kuwa Ukanda 2 badala ya Ukanda 1. Anayeziba madirisha au kuzima feni ya kutolea hewa ili joto lisipotee anaibadili ramani ya hatari bila kumwambia mtu, na hita yenye kiwango Gc iliyokuwa halali asubuhi inakuwa si halali mchana.

Upande wa ujenzi, hita nyingi za aina hii hazipitishi hewa moja kwa moja juu ya waya wa moto. Vipashio vimezamishwa ndani ya kimiminika, kwa kawaida mchanganyiko wa maji na glaikoli, katika chombo kilichofungwa, na feni hupuliza hewa juu ya mapezi yanayopokea joto hilo. Pangaboi la feni lazima liwe la malighafi isiyotoa cheche linapogusa kingo, na liwe na nafasi ya kutosha. Alumini ikigongana na chuma chenye kutu hutoa cheche kali sana. Lazima pia kuwe na kikata joto kinachozima vipashio feni inaposimama au matundu yanapoziba, na kisichojirudisha chenyewe hadi fundi aje kuangalia sababu.

Kosa linalojirudia ni kununua hita yenye cheti kisha kuiunganisha na themostati ya kawaida, swichi ya kawaida au soketi ya ukutani. Kila kitu kilichomo ndani ya ukanda wa hatari, ikiwemo glandi ya kebo, kinahitaji kinga ya daraja linalolingana. Themostati na sakiti breka zikiweza kuhamishiwa nje ya ukanda, gharama hupungua na hatari pia. Hita za kubebeka zenye plagi hazifai kwa kazi hii.

Ufungaji na ukaguzi

Kasha lisilopitisha moto halizuii mvuke kuingia ndani yake. Linakubali kwamba mvuke utaingia na huenda ukalipuka humo. Kazi yake ni kustahimili mlipuko huo wa ndani na kuzipoza gesi za moto zinapotoka kupitia nafasi finyu kati ya nyuso mbili za chuma zilizochongwa kwa vipimo. Bolti moja iliyopotea, mkwaruzo kwenye uso huo, rangi iliyopakwa ndani ya maungio au tundu lililotobolewa ili kupitisha waya mwingine huliondolea kasha uwezo huo, ingawa kwa macho hita itaonekana nzima na itaendelea kutoa joto kama kawaida.

Kwa hiyo kazi ya kufunga ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na aliyefundishwa mahususi kuhusu vyombo vya maeneo ya hatari. Kiwango cha IEC 60079-14 ndicho huongoza ufungaji, na 60079-17 ukaguzi. Ukaguzi wa kina, ambao umeme hukatwa na kasha kufunguliwa, hufanyika kabla ya chombo kuanza kutumika. Baada ya hapo, muda kati ya ukaguzi mmoja wa vipindi na mwingine hautakiwi kuzidi miaka 3 bila ushauri wa mtaalamu, na katika vyumba vyenye vumbi jingi busara ni kuufupisha.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003 inamwekea mwajiri wajibu wa kulinda usalama na afya za wafanyakazi wake, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, hukagua pia mifumo ya umeme viwandani. Masuala ya kemikali zenyewe yako chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mkaguzi anapofika, nyaraka zinazomsaidia ni ramani ya kanda, karatasi za taarifa za kemikali, vyeti vya vyombo vyote vilivyomo ndani ya kanda na daftari la matengenezo. Kiwanda kikibadili thina, kikiongeza mashine ya msasa au kikihamia vanishi ya maji, ramani hiyo inapaswa kupitiwa upya kabla ya kazi kuendelea, na mabadiliko kuandikwa tarehe na kusainiwa. Vanishi ya maji mara nyingi huifanya kanda ya mvuke iwe ndogo zaidi, na huenda ikaondoa kabisa haja ya hita ya gharama kubwa iliyokuwa imepangwa kununuliwa.